Makosa Manne ya Karani

Barua ya kamati ya jengo ilisukumwa chini ya mlango Jumatatu asubuhi. Fundi Lifti aliisoma akiwa amesimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Ilisema kwamba mbwa aitwaye Karani, wa mlango namba tisa, ghorofa ya pili, amezidi. Anabweka mchana kutwa. Juma lililopita alimkamata Katibu wa jengo kwenye ngazi, akamvuta suruali mpaka ikachanika gotini. Basi mwenye mbwa anapewa siku thelathini: ama alete cheti cha mkufunzi kwamba mbwa ametiwa adabu, ama mbwa aondoke.

Alimpelekea mkewe barua jikoni. Mkewe akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari.

"Karani akitoka," alisema, "na mimi natoka."

Fundi alicheka, kisha akamtazama usoni na kicheko kikamwishia njiani. Huyu ndiye mwanamke aliyemnunia siku tatu nzima Fundi alipomleta mbwa huyo nyumbani ndani ya sanduku la zana. Ndiye aliyesema mbwa mahali pake ni uani. Mambo yaligeuka lini, Fundi hakujua, na aliona haya kuuliza kwa sababu alikuwa akiishi humo humo.

"Basi tutamtafutia mkufunzi," alisema.

"Hana haja ya mkufunzi."

"Amechana suruali ya Katibu."

"Katibu naye anunue suruali ngumu."

Karani alikuwa amelala chini ya meza, kidevu juu ya kandambili ya mama wa nyumba. Alipewa jina hilo kwa sababu tangu mdogo alikuwa akikagua kila mgeni mlangoni, viatu kwanza, kisha mfuko, kana kwamba kuna daftari la kutia sahihi. Hakuonekana kama mtu mwenye kesi.

Fundi alikuwa muumini wa vyeti. Katika kazi yake kila lifti ina kadi yake ukutani, na kadi ina tarehe na sahihi ya mkaguzi. Lifti isiyo na kadi yeye haingii, hata kama anakwenda ghorofa ya kumi na magoti yanamlalamikia. Kwa hiyo jioni ile alichukua karatasi yenye mistari, akaandika juu kwa herufi kubwa: MAKOSA YA KARANI. Chini yake akayapanga kama anavyopanga hitilafu za mashine.

La kwanza: hubweka mtu akibisha hodi. La pili: hubweka simu ikilia na birika likipiga mluzi. La tatu: huvuta pindo za nguo. La nne: barabarani hakubali kutembea nyuma, hujibandika upande wa kushoto wa mama na kumsukumasukuma.

Alimwonyesha mkewe ili aongeze kama kuna lililosahauliwa. Mkewe alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika la nne alinyanyuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

*

Wa kwanza kuja kusailiwa, Jumamosi ile, alikuwa mwanamume ambaye watu walimwita Mwalimu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, na kifuani pana beji yenye kichwa cha mbwa. Alitoa jalada la plastiki lenye vyeti sita. Fundi alivisoma vyote, mbele na nyuma, moyo ukimtulia kama mtu aliyeona kadi ukutani.

"Umeniandikia makosa?" Mwalimu aliuliza. "Vizuri sana. Wengi huniambia tu mbwa ana wazimu."

Alimfunga Karani kamba fupi. Dakika kumi hazikutimia, Karani alikaa alipoambiwa akae na alilala alipoambiwa alale. Mwalimu akamwomba Fundi atoke nje abishe hodi. Karani alifungua mdomo. Mwalimu akagusa kamba kidogo, akatoa sauti fupi ya koo, akampa kipande cha mkate. Mdomo ukafungwa. Hakumpiga wala hakumkaripia. Fundi alikuwa tayari kupiga makofi.

"Unaonaje, Mama?" alimgeukia mkewe.

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Sitaki tu."

Wa pili alikuja alasiri. Watu wa jengo walimwita Mama Kamba, maana alikuwa akitembea na kamba za mbwa amezizungusha kiunoni, nyekundu, nyeusi na za kijani. Alikuwa akimtembeza mbwa wa mpangaji wa ghorofa ya tatu. Mabuti yake yalikuwa na matope, na aliyavua mlangoni bila kuambiwa.

"Cheti chako?" Fundi aliuliza.

"Sina. Nina mbwa kumi na mmoja. Waulize."

"Niwaulize mbwa?"

"Waulize wenye mbwa basi. Ila mbwa hawatakuficha kitu."

Fundi hakujua kama anataniwa. Mama Kamba aliomba kigoda, akakaa pembeni, akawaambia waendelee na shughuli zao kama hayupo. Saa nzima hakumgusa mbwa. Fundi alijaribu kuendelea na shughuli zake, lakini hakukumbuka Jumamosi huwa ana shughuli gani, akabaki anahamisha bisibisi kutoka droo hii kwenda ile. Na kila alipoinua macho aliona mgeni hamtazami mbwa, anamtazama mkewe.

Mkewe alikuwa anapiga pasi, kawapa mgongo. Mama Kamba akachukua kijiko, akagonga kikombe mara tatu. Karani akaruka, akaenda moja kwa moja akavuta pindo la gauni la mama. Mama akageuka. Wanawake wawili wakatazamana kitambo, na Fundi, aliyekuwa katikati na bisibisi yake, akahisi kwamba wanazungumza na yeye hasikii.

"Mwambie aende," mkewe akasema.

"Lakini hajafanya..."

"Ana macho ya kuchungulia. Mwambie aende."

Mama Kamba aliinuka, akavaa mabuti. Mlangoni alimwambia Fundi kwa sauti ya chini, "Kabla hujamchagua mtu, kaa na mkeo mzungumze." Fundi akafunga mlango, makomeo yote mawili. Mtu asiye na cheti, anayekaa saa nzima akikagua nyumba ya watu, halafu anampa mwenye nyumba mawaidha ya ndoa. Huyo ni wa kuaminiwa? Aliona kwamba angalau kwa hili yeye na mkewe wamekubaliana, ingawa alikuwa na wasiwasi kwamba jambo walilokubaliana si moja.

Jumatatu alimpigia Mwalimu.

*

Mwalimu alikuja kila asubuhi, saa moja kamili. Alimtembeza Karani nusu saa, kisha akamfundisha uani nusu saa, kisha ndani. Jioni Fundi alikagua maendeleo na kalamu nyekundu. Siku ya sita ya mafunzo alitia alama ya vema kwenye kosa la kwanza. Siku ya tisa, la pili: simu ililia, birika likapiga mluzi, na Karani akabaki amelala, masikio tu yakicheza. Siku ya kumi na nne mbwa hakugusa tena nguo ya mtu. Katibu alipopita kwenye ngazi, na suruali mpya, Karani alimpisha.

"Sasa huyu ni mbwa," Katibu alisema.

Fundi alivimba kichwa. Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na kitu kinakwenda mrama, na hakikuwemo kwenye orodha.

Kwanza birika liliungua. Lilipiga mluzi mpaka maji yakaisha, likapasuka kitako, na mkewe yuko chumba cha pili anakunja nguo. Kisha binti yao, aliyeolewa mji mwingine, akampigia Fundi kazini. "Baba, Mama amenikasirikia? Siku nne napiga hapokei." Kisha mkewe akarudi kutoka dukani amechubuka kiwiko, kumbe baiskeli imempitia ubavuni. Mwenye baiskeli akaapa kwamba alipiga kengele mpaka dole gumba likamuuma.

"Ulikuwa unawaza nini?" Fundi aliuliza.

"Sikuwaza kitu."

"Karani alikuwa wapi?"

"Nyuma. Si ndivyo alivyofundishwa?"

Usiku huo Fundi alitia vema la nne, akaliangalia, na hakuona raha aliyoitegemea. Alianza kuamini kwamba mkewe amemsusia. Akiuliza kutoka sebuleni kama chai ipo, hajibiwi. Akimwita mara ya pili, kimya. Akienda mwenyewe jikoni na uso wa kulaumu, mkewe anamtazama kwa mshangao, anatabasamu, anamimina chai vizuri kabisa. Mke gani anayesusa na kutabasamu? Fundi alilichunguza jambo hilo kama anavyochunguza mashine inayosimama kati ya ghorofa bila sababu, akafikia uamuzi kwamba ni hasira za mbwa, na njia nzuri ni kumwacha zipoe. Naye akanyamaza. Nyumba ikabaki na watu wawili na mbwa mmoja, wote wana adabu.

*

Siku ya ishirini na tano tangu barua ije, saa sita mchana, Fundi alirudi kuchukua miwani aliyoisahau. Ufunguo nao alikuwa ameusahau. Akabisha hodi.

Kimya. Akabisha tena, kwa ngumi. Akasogea kwenye dirisha lililo kwenye ukumbi wa nje, linalotazama jikoni, akachungulia kati ya vioo. Mkewe alikuwa amekaa mezani, amempa mgongo, anapepeta mchele. Karani alikuwa miguuni pake. Fundi alipogonga kioo, Karani aliinua kichwa. Alitazama dirisha. Akamtazama mama. Akatetemeka midomo kama anayetaka kusema, kisha akateremsha kichwa juu ya miguu yake ya mbele na kufumba macho, kama alivyofundishwa.

"Mama!" Fundi aliita. "Mke wangu, fungua bwana."

Mkono wa mkewe uliendelea na mchele. Hata bega halikutikisika. Moto ukampanda Fundi kifuani. Yaani imefika hapa, amgongee dirisha lake mwenyewe kama mdai, na mtu wake amdharau kiasi hiki mchana kweupe. Machozi yalimlenga, na akafurahi kwamba ukumbini hapakuwa na mtu.

"Hajakukasirikia." Mama Kamba alikuwa anashuka kutoka ghorofa ya tatu, mbwa mnene mweupe akimtangulia. "Hakusikii."

"Ananisikia vizuri sana. Amenisusia."

"Fundi. Mkeo hasikii. Sikio la kushoto limekwisha kabisa, la kulia limebaki kidogo. Anakusoma midomo. Nilijua siku ile ya kijiko, na yeye akajua kuwa nimejua. Ndiyo maana alinifukuza."

Fundi aligeukia tena dirisha. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilimpita kichwani kwa fujo, haina mpangilio: chai, baiskeli, sauti ya redio aliyoikuta juu na kuipunguza kila jioni, binti.

"Una ile orodha?" Mama Kamba aliuliza.

Ilikuwa mfukoni mwa shati, pamoja na kalamu nyekundu. Mama Kamba aliisoma akiwa ameishika mbali na macho.

"Anamwambia kuna mtu mlangoni. Anamwambia simu inalia, birika linachemka. Asipogeuka, anamvuta nguo. Barabarani anakaa upande wa sikio lililokufa. Haya si makosa, Fundi. Hii ni kazi yake, na alijifundisha mwenyewe."

"Na Katibu?"

"Katibu alikuwa anamwita mkeo kwenye ngazi, si ndiyo? Akaita na kuita. Mbwa akaona heri ampeleke."

Fundi aliegemea ukuta. Aliona aibu ambayo hakujua aiweke wapi. Alikuwa amemlipa mtu ang'oe masikio ya mkewe, moja baada ya jingine, na kila lilipong'oka alitia vema.

"Pitisha mkono dirishani," Mama Kamba alisema, "kivuli kianguke mezani."

Alipitisha. Mkewe aliona kivuli kikitembea juu ya mchele, akageuka. Alimwona mumewe, akamwona Mama Kamba nyuma yake, akaiona karatasi. Uso wake haukushtuka. Ulichoka tu. Alikuja kufungua mlango bila haraka, na Mama Kamba akashuka zake na mbwa wake mnene.

*

"Kwa nini hukuniambia?" Fundi aliuliza. Alikuwa ameongea na sakafu. Akakumbuka, akainua uso, akauliza tena.

"Ulikuwa unamwigiza mama yangu," mkewe alisema.

Fundi hakuelewa, kisha akaelewa. Mama mkwe alipoziba masikio uzeeni, alikuwa akiulizwa hili anajibu lile, na Fundi alikuwa bingwa wa kumwigiza. Aliweka kiganja sikioni, akakunja uso, akasema "Eeh?" kwa sauti ya kukwaruza, na meza nzima ikavunjika mbavu. Aliigiza harusini, aliigiza mbele ya wageni. Hata baada ya mazishi aliigiza, ili watu wachangamke.

"Wewe pia ulikuwa unacheka," alisema, na papo hapo akatamani angenyamaza.

"Nilikuwa nacheka. Kisha ikaanza kwangu." Aliokota punje moja ya mchele, akaitazama. "Nikasema, nitakuwa mchezo wa mezani. Karani hakucheka. Alikuwa ananivuta tu."

Fundi alitaka kuomba msamaha, na maneno yote aliyoyapata yalikuwa madogo. Alimshika mkono wenye vumbi la mchele, akaushikilia. Mwisho alisema, "Nitampigia Mwalimu leo. Amrudishe alivyokuwa."

"Na kamati? Kesho kutwa wanakuja kumpima. Akibweka anaondoka."

"Tuwaambie ukweli."

"Hapana." Alivuta mkono. "Usimwambie mtu. Niahidi."

Fundi aliahidi, na hapo akachanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Mbwa akifaulu mtihani, mkewe amepotea. Akianguka, mbwa amepotea, na mkewe alikwisha kusema atakwenda naye. Alimpigia Mwalimu hata hivyo. Alimwomba amrudishe mbwa alivyokuwa, bila kutaja sababu.

"Mimi nilifanya ulichoandika, Fundi," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Ungeniandikia mengine, ningefanya mengine."

*

Mtihani ulifanyika uani, saa nne asubuhi, wapangaji wamejaa kwenye ngazi na vikombe vyao. Katibu alikuwa na meza, muhuri na fomu. Mwalimu alimzungusha Karani mara mbili, akamkalisha katikati ya uwanja. Mtu aligonga bati: kimya. Simu ya Katibu ikalia: kimya. Mtoto mmoja akapita akipeperusha shuka mbele ya pua ya mbwa: kimya. Watu wakapiga makofi. Fundi naye alipiga, viganja vikimuuma.

"Amefaulu," Katibu alitangaza, akagonga muhuri. "Mwenye mbwa aje atie sahihi. Barua ilikwenda kwa jina la mama. Mama Fundi, karibu."

Mkewe alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo, bega la kushoto likielekea mezani, anamtazama Karani.

"Mama Fundi."

Hakugeuka.

"Mama Fundi, tunakuita wewe," Katibu akasema kwa nguvu. Kwenye ngazi mtu akanong'ona kwamba mwanamke yule maringo yake hayakuanza leo. Anapita watu bila salamu. Mwingine akaitikia. Katibu alianza kubadilika rangi, kalamu ikining'inia hewani. Karani, katikati ya uwanja, alikuwa amekaa wima kama alivyoamriwa. Alimtazama Katibu, akamtazama mama, na mkia wake ukafagia vumbi mara moja, ukaacha. Hakunyanyuka. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Fundi alikuwa ameahidi kutomwambia mtu, na hakumwambia mtu. Alivuka uwanja, macho yote yakimfuata, mtu mzima mwenye nywele nyeupe na bisibisi mfuko wa nyuma. Alifika nyuma ya mkewe. Akainama, akashika pindo la gauni lake, akalivuta mara mbili.

Kicheko kililipuka kwenye ngazi. Mkewe akageuka, akatazama chini mahali ambapo mbwa angekuwa, akamkuta mumewe ameinama na pindo mkononi, uso umemwiva kwa haya. Walitazamana. Fundi alielekeza kidevu mezani, kama Karani alivyokuwa akielekeza pua.

Mkewe aliuona mdomo wa Katibu ukiendelea kufunguka na kujifunga. Aliwaona wanaocheka. Kisha akamwona tena mume wake, ambaye hakuwa anacheka, na bado hajaliachia pindo.

"Mimi sisikii," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nina mwaka wa pili sasa. Anayetaka kuniita aje mbele yangu. Na huyo mbwa alikuwa ananiitia watu, Katibu, ndiyo maana alikuvuta. Nisamehe suruali yako."

Kicheko kilikatika. Katibu aliitazama fomu, upande huu na upande ule, akitafuta mahali pa kuandika jambo kama hilo. Hapakuwepo.

"Kwa hiyo amefaulu au amefeli?" aliuliza, akimtazama Mwalimu.

Mwalimu alikuwa anamfungua Karani kamba. "Mimi nimefeli," alisema. "Mtafuteni yule mama wa kamba. Mimi nitakuja kujifunza."

Katibu aliona ni heri aikunje fomu yenye muhuri, aitie mfukoni, akasema kamati itakaa. Kamati haijakaa mpaka leo.

*

Mama Kamba alikuja siku iliyofuata, akavua mabuti, akakaa kwenye kigoda kile kile. Alisema hawezi kuahidi. Mbwa aliyeambiwa kila siku kwamba kazi yake ni kosa hajui tena kipi ni kipi. Aliwaambia wasimsukume, wasimwamrishe. Kisha akatoka nje, akafunga mlango.

Akabisha hodi.

Karani aliinua kichwa. Mama alikuwa dirishani anashona kifungo. Karani aliinuka nusu, akasimama hapo, mguu mmoja hewani, akamtazama Fundi aliyekuwa kwenye kiti chake. Macho yake yalikuwa yanaomba ruhusa, au yanaogopa karipio. Fundi hakuweza kujua. Mwishowe akageuza kiti, akautazama ukuta, ili mbwa apate kukosea bila kuonekana.

Alikaa hivyo, akihesabu nyufa za rangi. Hodi ikabishwa tena. Kucha zikatembea sakafuni, polepole, zikasimama, zikatembea tena.

"Nani huyo mlangoni, Karani?" mkewe aliuliza nyuma yake.